Duka la mtandaoni: nani ni mwenye akaunti na nani anaingia wapi (mwongozo kamili)

Ukimuuliza mtu "hili duka la mtandaoni ni la nani" atakujibu haraka haraka, langu bana, mtaji wangu, mzigo wangu, jina langu. Sasa muulize swali la pili: ukisahau paswedi leo usiku, ile namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu ya nani? Hapo ndo utaona mtu anaanza kukuna kichwa. Mtandao haujui mtaji wako wala haujui nani alienda Kariakoo kubeba mzigo, unachojua ni imeili na laini ya simu zilizoandikwa pale, na anayeshika hivyo viwili ndo bosi, hata kama ni kijana aliyekutengenezea tovuti mwaka juzi na saivi hapokei simu zako.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini kwenda juu: laini, imeili, domeini (anwani ya tovuti yako), alafu duka lenyewe, mitandao, pesa, na mwisho kabisa wafanyakazi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanahangaika kubadili paswedi ya Instagram kila mtu akiacha kazi wakati imeili ya kurudishia hiyo paswedi iko kwenye simu ya huyo huyo aliyeacha kazi.

Mfano nitakaoutumia ni duka la kawaida la nguo au vipodozi pale Dar: tovuti ya WordPress (mfumo unaoendesha tovuti) yenye WooCommerce (nyongeza yake ya kuuzia), Instagram na ukurasa wa Facebook, WhatsApp Business ya kupokea oda, na lipa namba. Wa Shopify, ile huduma ya duka la mtandaoni la kulipia kila mwezi, nao wana sehemu yao. Kama uko Nairobi au Mombasa ni yale yale tu, pale nitakaposema lipa namba wewe soma Till.

Kwanza karatasi

Usiguse kitu chochote bado. Chukua daftari au faili la Excel, orodhesha kila akaunti inayohusika na duka, na mbele ya kila moja andika: imefunguliwa kwa imeili gani, kwa namba gani ya simu, nani wote wanajua paswedi, inalipiwa na kadi au simu ya nani, na inaisha lini kama ni ya kulipia. Usisahau zile ndogo ndogo, akaunti ya Canva, ya kutuma SMS za wateja, ya matangazo ya Facebook, ya Google inayoonyesha duka kwenye ramani, TikTok, na kampuni ya usafirishaji kama mna akaunti kule.

Utakuta sehemu unaandika "sijui". Usione aibu, hizo "sijui" ndo kazi yenyewe, ziwekee duara, tunazirudia moja moja.

Laini ya simu

Namba ya duka inatakiwa iwe imesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako. Tanzania laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, maana yake ni kwamba laini ikipotea, anayeweza kwenda dukani kuirudisha ni yule mwenye vidole, sio aliyeinunua. Sasa fikiria ile laini ya WhatsApp ya duka ambayo binti wa oda aliisajili kwa kitambulisho chake siku ile ulipokuwa na haraka. Akiondoka akiwa na kinyongo anaenda kwa mtoa huduma, anasema laini yangu imepotea, anapewa mpya, na kwenye kumbukumbu zao laini ni yake kweli.

Piga *106# uone laini gani zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama laini ya duka haimo, nenda na huyo aliyeisajili kwenye duka la mtoa huduma mkabadilishe umiliki mapema, mkiwa bado mnaongea vizuri. Ikishindikana tafuta namba mpya ya duka, iwatangazie wateja taratibu, ni usumbufu lakini heri usumbufu wa sasa. Kenya, kwa wenye laini ya Safaricom, kuna *100*100# ya kuzuia laini yako isibadilishwe kwa wakala wa mtaani, ifanye leo leo.

Alafu usiiache laini ya duka ikae kwenye droo bila vocha wala matumizi. Laini ikilala muda mrefu inafungwa, baadae namba inapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ataanza kupokea namba zako za uthibitisho bila hata kuomba.

Imeili mama

Fungua imeili moja ya duka ambayo wewe peke yako ndo unaingia. Sio ile unayojibia wateja, hiyo ni nyingine. Hii ni ya kusajilia akaunti zote tu, haiandikwi kwenye bio wala kwenye risiti. Ikiwa ya Gmail fanya haya: weka namba ya simu yako binafsi kama ya kurudishia, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kutumia programu kama Google Authenticator badala ya kutegemea SMS peke yake, na chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google inakupa za kuingilia ukikosa simu. Zichapishe kweli kwenye karatasi, usizipige skrinishoti zikakaa kwenye simu ile ile utakayoibiwa pale Mwenge.

Kingine, Google wana utaratibu wa kufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka 2, kwa hiyo hii imeili iingie mara moja moja hata kama haina barua.

Kama tayari una domeini unaweza kutaka imeili mama iwe info@ ya duka lako. Mimi sikushauri, kwa sababu siku domeini imeisha muda au hostingi (pale tovuti inapohifadhiwa) imezimwa, imeili nayo inazimika, na ndo hiyo hiyo uliyotakiwa kuitumia kuingia kulipia domeini. Umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Ya wateja iwe ya domeini, inapendeza, lakini imeili mama ikae nje.

Domeini na hostingi, hapa tukae kidogo

Hapa ndo watu wanalia. Hadithi huwa ni moja: ulimpa fundi wa tovuti hela ya jumla, ndani yake domeini, hostingi na kutengeneza. Yeye akaingia kwenye akaunti yake anayowekea wateja wake wote, akanunua domeini kwa imeili yake, jina lake, simu yake. Hakuwa na nia mbaya, ilikuwa rahisi tu. Miaka miwili inapita, amepata ajira Dodoma, hajali tena mambo ya tovuti, domeini inaisha, ujumbe wa kukumbusha unaenda kwake, wewe unaamka asubuhi duka halifunguki na jina ulilochapisha kwenye mifuko yote halipo.

Hatua zake ni hizi. Tafuta taarifa za usajili wa domeini yako kwa whois, zinapatikana bure mtandaoni. Domeini za .tz zina msimamizi wake Tanzania, za .ke ziko chini ya KeNIC, na .com kila kampuni ya kuuza domeini ina sehemu ya kuangalia. Taarifa nyingine zinafichwa siku hizi, ila angalau utaona imenunuliwa kampuni gani na inaisha tarehe ngapi. Hiyo tarehe iandike kwenye karatasi yako kwa kalamu nyekundu.

Alafu fungua akaunti yako mwenyewe kwenye kampuni hiyo hiyo, kwa imeili mama. Muombe fundi aisukume domeini kutoka akaunti yake kuja yako, kampuni nyingi zinaruhusu kuhamisha ndani kwa ndani na ni jambo la dakika chache. Kama unataka kwenda kampuni nyingine kabisa, muombe afungue ile kufuli inayozuia domeini isihamishwe na akupe namba ya siri ya uhamisho, wenyewe wanaiita EPP. Kwa .com ujue kwamba ikisajiliwa mara ya kwanza au ikihamishwa, kwa kawaida haihami tena mpaka siku 60 zipite, kwa hiyo usimtukane fundi ukiambiwa subiri.

Na ukimwandikia andika kistaarabu, hasa kama kuna deni. Unajua wengi wanagoma kuachia domeini kwa sababu kuna laki moja na nusu hawajamaliziwa tangu enzi hizo. Lipa, pata risiti, pata domeini. Ubishi wa nani alikosea kuuweka kwenye mizani na jina la biashara yako ni hesabu mbaya.

Ikihamia kwako angalia mambo matatu: jina la mmiliki ni lako au la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, imeili ni imeili mama, na malipo ya kujirudia yamewashwa kwa kadi ambayo haijaisha. Kwa .com hata ikiisha kuna nafasi ya kuvuta pumzi, inaweza kufika siku 45 kulingana na kampuni, baada ya hapo siku 30 ambazo kuirudisha kunakuwa na gharama ya juu sana, alafu siku 5 na inaachiwa mtu yeyote achukue. Usikariri hizo namba ukazifanya ratiba ya kulipa.

Hostingi ni hivyo hivyo, akaunti iwe yako, fundi umtengenezee njia yake ya kuingia. Kampuni nyingi za hostingi zina sehemu ya kuongeza mtu wa ufundi bila kumpa paswedi kuu wala kumuonyesha mambo ya malipo. Kama ya kwako haina, basi mpe ya muda, akimaliza kazi badilisha.

Ndani ya WordPress na WooCommerce

Sasa tumefika dukani kwenyewe. Ingia, nenda kwenye Users, angalia walioandikwa Administrator. Nimeona maduka madogo yana maadimini saba, wakiwemo watu ambao hakuna anayewakumbuka. Adimini anaweza kila kitu, kufuta duka, kukufuta wewe, kuweka programu-jalizi (nyongeza ya tovuti) ya ajabu. Wanatakiwa wawe wawili tu: wewe, na mtu wa pili wa dharura nitakayemsema chini. Fundi akiwa na kazi anapandishwa, akimaliza anashushwa.

Nenda pia Settings, alafu General, uone imeili ya msimamizi ni ipi. Ukiibadilisha, WordPress inatuma linki kwenye imeili mpya, na mpaka uibonyeze hiyo linki ile ya zamani ndo inaendelea kufanya kazi. Wengi wanabadilisha, wanaona imeandikwa, wanaondoka wakijua imeisha kumbe haijaisha.

WooCommerce inaongeza nafasi mbili, Customer kwa wateja na Shop Manager kwa msimamizi wa duka. Watu wakiona Shop Manager wanasema eeh hii ndo ya wafanyakazi, wanampa kila mtu. Subiri kwanza. Shop Manager anaona oda zote, majina na simu za wateja, anabadili bei, anatengeneza kuponi za punguzo, na anaingia kwenye mipangilio ya WooCommerce ikiwemo ya malipo. Maana yake anaweza kufungua pale kwenye malipo ya benki, akafuta namba ya akaunti au lipa namba yako akaweka ya shemeji yake, na wateja wa Jumamosi nzima wakalipia huko. Sisemi wafanyakazi wako ni wezi, nasema mtu wa kupakia picha za magauni hahitaji mlango huo.

Ninavyogawa mimi ni hivi. Msimamizi ambaye ungemwachia funguo za duka la mtaani ukasafiri wiki, huyo mpe Shop Manager. Anayeandika makala na vidokezo vya mitindo mpe Author, haoni oda wala bidhaa. Anayepakia bidhaa tu, na yule wa kufungasha mzigo anayehitaji kuona oda na kuzibadili ziwe zimekamilika, hawa hawana nafasi yao ya moja kwa moja, inabidi uweke programu-jalizi kama User Role Editor au Members, unakopi nafasi ya Shop Manager, unaipa jina lako mfano "Mfungashaji", alafu unaondoa tiki kwenye vitu asivyohitaji, kwanza kabisa ile inayoitwa manage_woocommerce, ndo inayofungua mipangilio ya WooCommerce. Ukishaondoa ingia kwa akaunti ya majaribio uone anaona nini, maana kuna tiki ukiitoa na kitu kingine alichokihitaji kinapotea, utarudisha, utatoa, ni kazi ya jioni moja na chai.

Sheria ambayo haina msamaha kwenye hili: kila mtu na akaunti yake, kwa jina lake na imeili yake. Hakuna akaunti inayoitwa "stafu" wanayotumia watu wanne. Oda ikibadilishwa hadhi kwa mkono WooCommerce inaandika kwenye maelezo ya oda nani kaibadilisha, lakini kama wote ni "stafu" basi umejiziba macho mwenyewe. Ukitaka kuona zaidi, nani kabadili bei ya nini na saa ngapi, weka programu-jalizi ya Simple History au WP Activity Log. Na waambie wafanyakazi kwamba ipo, usiwe unawachungulia kimya kimya, wakijua ipo nusu ya mambo hayatokei.

Sehemu mbili ambazo karibu kila mtu anazisahau. Ya kwanza, WooCommerce, Settings, Emails, fungua ile ya New order uone inatumwa kwa nani. Pale panaweza kuwa na imeili kadhaa zimetenganishwa kwa mkato, na utakuta mfanyakazi aliyeondoka bado anapokea kila oda, jina la mteja, simu, mtaa, kiasi alicholipa, kila siku, na sasa ana duka lake. Ya pili, Settings, Advanced, REST API, hapo kuna funguo ambazo programu nyingine zinatumia kuingia dukani. Usiyoijua inatumika wapi, iondoe. Kitu kikigoma utajua ilikuwa ya nini.

Wenzetu wa Shopify

Kwenu ni rahisi kidogo kwa sababu Shopify inamtambua mwenye duka mmoja tu, wengine wote ni wafanyakazi. Fungua Settings alafu Users, jina la juu la mwenye duka liwe lako. Kama ni la fundi, yeye ndo anatakiwa aingie akahamishe umiliki kuja kwako, wewe huwezi kujivutia kutoka upande wako. Ikishahama usisahau kadi ya malipo, maana kuhama umiliki ni jambo moja na kadi inayokatwa kila mwezi ni jambo lingine.

Fundi wa nje asiwekwe kama mfanyakazi. Kuna aina ya akaunti ya mshirika inayoitwa collaborator, anaomba yeye akiwa na namba ya tarakimu 4 uliyompa, wewe unachagua aone nini, na hahesabiki kwenye idadi ya wafanyakazi ambayo mpango wako unaruhusu. Hiyo idadi inategemea unalipia mpango upi, na ndo sababu maduka mengi yanashea akaunti moja kukwepa gharama. Mimi nadhani bora uwe na wafanyakazi wawili wenye akaunti zao kuliko watano kwenye paswedi moja.

Instagram, Facebook na WhatsApp

Instagram ndo kwenye wateja wengi wa huku kwetu, na ndo inayogawiwa paswedi kama karanga. Huna haja. Igeuze iwe akaunti ya biashara, iunganishe na ukurasa wa Facebook wa duka, alafu weka vyote ndani ya Meta Business Suite, sehemu ya kusimamia Facebook na Instagram za biashara pamoja. Mfanyakazi unamuongeza kwa akaunti yake mwenyewe ya Facebook, unampa kazi ya kujibu meseji na komenti tu, anajibu dm za Instagram humo humo bila kuijua paswedi hata herufi moja. Wa matangazo unampa matangazo. Udhibiti kamili unabaki kwako na mtu wako wa pili.

Kwa anayelipisha matangazo kwa kadi yako hakikisha akaunti ya matangazo ni ya duka, sio yake binafsi. Mkiachana na akaunti ni yake anaondoka na historia yote, nani alibonyeza, tangazo lipi lilileta oda, unaanza upya kama mgeni mjini.

Kuhusu ramani za Google, pale kuna mmiliki mkuu, wamiliki na mameneja. Mtu mpya akiongezwa anasubiri siku 7 kabla ya kuweza kufanya mambo makubwa kama kuhamisha umiliki mkuu, kwa hiyo kama unataka kubadilishana anza mapema.

WhatsApp Business sasa. Simu kuu yenye laini ibaki kwako au kwenye kabati la dukani linalofungwa, wafanyakazi waunganishwe kwa kuskani kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unaweza kuunganisha mpaka vifaa 4. Simu kuu ifunguliwe angalau mara moja ndani ya siku 14 la sivyo vinajitoa vyenyewe, na vitajitoa siku ya mauzo makubwa, ndo ilivyo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, namba ya siri ya tarakimu 6, na weka imeili mama pale, maana bila hiyo namba mtu akipata laini yako anahamishia WhatsApp kwenye simu yake kwa dakika mbili.

Pesa

Lipa namba iandikishwe kwa jina la biashara, na simu inayoweza kuitoa hela iwe yako. Mteja akilipa anaona jina, na jina likiwa la binti wa oda, kwanza mteja anaingiwa na wasiwasi, pili hela ni ya binti mpaka akuletee. Mfanyakazi anachohitaji ni kujua kwamba hela imeingia, hahitaji kuweza kuitoa. Ukienda kwa mtoa huduma wako muulize kama unaweza kuongeza msaidizi anayeona miamala tu. Kama haiwezekani basi meseji ya malipo iingie kwenye simu ya dukani na namba ya siri ya kutolea usimpe mtu, hata yule unayemwita mdogo wangu.

Na wakazanie: mzigo hautoki kwa skrinishoti ya mteja. Unatoka pale malipo yanapoonekana upande wenu.

Siku mtu anapoondoka

Fanya siku hiyo hiyo, ikiwezekana akiwa bado yupo mbele yako mnakunywa soda, sio kwa siri kama mnafumaniana. Mwambie dada nakutoa kwenye mifumo, ni utaratibu wa kila mtu. Hii inamlinda na yeye pia, kitu kikipotea wiki ijayo hakuna wa kumtaja.

Kwenye WordPress usikimbilie kumfuta. Ukimfuta, mfumo unakuuliza vitu vyake vifutwe au viende kwa mtu mwingine, na ukichagua kufuta zinaondoka makala zake na picha zote alizopakia yeye. Kama ndo alikuwa anapakia bidhaa, bidhaa zitabaki lakini hazina picha, duka zima masanduku meupe. Mimi huwa nafanya hivi: nabadili nafasi yake iwe Subscriber, ile ya chini kabisa, naibadili paswedi, nabonyeza kitufe cha kumtoa kwenye vifaa vyote, alafu nashuka chini kwenye wasifu wake sehemu ya Application Passwords (paswedi za pembeni zinazotumiwa na programu nyingine) nazifuta zilizopo, kwa sababu hizo ukibadili paswedi ya kawaida zenyewe hazifi. Baada ya mwezi hivi, kila kitu kikiwa kimetulia, namfuta na vitu vyake naviandika kwa jina langu.

Kisha unaenda na karatasi yako: imeili za oda mpya, funguo za REST API alizotengeneza, Meta Business Suite, vifaa vilivyounganishwa WhatsApp, ramani za Google, Canva, TikTok, magrupu ya WhatsApp ya wateja ambamo yeye ni adimini. Kama kuna paswedi yoyote mlikuwa mnashea, ibadilishe. Na kwa zile ambazo haziepukiki kushea, weka kwenye programu ya kutunza paswedi kama Bitwarden badala ya kuzituma kwa meseji, ujue ipi imegawiwa na nani anayo.

Orodha ya wateja je? Kama alikuwa na uwezo wa kuipakua, anaweza kuwa nayo tayari. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Kenya wana ya kwao tangu 2019, kwa hiyo majina na simu za wateja sio mali ya mtu kuondoka nayo. Lakini mahakamani ni mbali, ni rahisi zaidi kumfanya asaini karatasi moja siku anaanza kazi inayosema akaunti zote, namba na wateja ni wa duka, na asipewe uwezo wa kupakua kama kazi yake haimlazimu.

Na wewe ukipotea

Yaani simu imeibiwa, umelazwa, au neno lenyewe hilo tusilolitaja. Chagua mtu mmoja, mume, mke, dada, mbia, mtu ambaye pesa yako ungemwachia. Huyu ndo adimini wa pili kwenye tovuti na kwenye Meta, kwa akaunti yake mwenyewe. Zile namba za akiba za imeili mama pamoja na kopi ya karatasi yako ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae nyumbani na sio dukani. Google pia wana mpangilio wa kuchagua nani ataarifiwe akaunti yako ikikaa kimya muda fulani, uwashe.

Kama duka ni la watu wawili au watatu mliochanga, amueni kwa maandishi nani anashika imeili mama na wengine wanashika nini, mfano mmoja anakaa na paswedi na mwingine anakaa na simu ya uthibitisho, hakuna anayeingia peke yake bila mwenzie kujua. Inachosha lakini ushirika mwingi wa huku unavunjikia kwenye Instagram kabla haujafika kwa mwanasheria.

Ukimaliza yote fanya jaribio moja la kweli: kaa na huyo mtu wako wa pili, toka kwenye akaunti ya duka, jifanye umesahau paswedi, bonyeza kurudisha, na uangalie ile namba inaingia kwenye simu ya nani. Rudia kwenye imeili mama, kwenye domeini na kwenye Instagram. Ikiingia kwenye simu isiyotakiwa, hiyo ndo kazi yako ya kesho asubuhi.